Ufundi wa Kurasa za Mwisho

Wasomaji wengi wa makala za kitaaluma huishia kwenye hitimisho. Yanayofuata, yaani kurasa mbili tatu za majina ya watu, miaka na miji, huonekana kama mzigo uliowekwa hapo kwa amri ya chuo. Mimi huanzia huko. Nikishika makala nisiyoijua, hufungua marejeleo kwanza, na kabla sijasoma hoja hata moja huwa nimeshajua mengi kuhusu mwandishi: amesoma nini, amekisoma mwenyewe au amesimuliwa, na kama anamjali mtu atakayetaka kuzifuata nyayo zake. Orodha iliyopangwa vizuri ni kazi ya ufundi, na ufundi huo unastahili kusifiwa waziwazi.

Tuchukue ingizo moja ambalo karibu kila mwanafunzi wa Kiswahili chuo kikuu amekutana nalo: Massamba, D.P.B., Kihore, Y.M. na Hokororo, J.I. (1999). Sarufi Miundo ya Kiswahili Sanifu. Dar es Salaam: TUKI. Ni mstari mmoja na ushei, lakini hakuna alama iliyokaa bure. Mabano yanautenga mwaka ili jicho liuone upesi. Jina la kitabu huchapwa kwa italiki, na kwa hiyo msomaji anajua kwamba anachotafuta ni kitabu kizima. Lingekuwa jina la makala ndani ya jarida, italiki ingehamia kwenye jina la jarida, kwa sababu maktabani jarida ndilo linalokaa rafuni. Nukta mbili kati ya mji na mchapishaji zinamaliza kazi. Mtu aliye Bujumbura au Muscat, ambaye hajawahi kukanyaga Mlimani, kilipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anaweza kukitafuta kitabu hicho hicho bila kumuuliza yeyote.

Hata mpangilio wa majina una maana. Kwa alfabeti, Hokororo angetangulia na Massamba angefunga msafara. Lakini jalada linamtanguliza Massamba, na mwandishi wa marejeleo hana ruhusa ya kulisahihisha jalada, maana nafasi ya kwanza ni sifa waliyogawana wenye kazi wenyewe. Tazama kinachotokea kwenye vitabu vingine viwili vya TUKI, yaani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Sarufi Maumbo ya Kiswahili Sanifu ya 2003 inaanza na Kihore, akifuatwa na Massamba na Msanjila. Fonolojia ya Kiswahili Sanifu ya 2004 ni ya watu hao hao watatu, ila Massamba ndiye anayetangulia. Kwa hiyo kitabu kimoja kitakaa chini ya K na kingine chini ya M. Mwanafunzi anayekimbilia kuvibandika pamoja kwa kuwa "ni wale wale" amekwisha kubadilisha historia ndogo ya nani aliongoza kazi ipi.

Mabano yenye jina na mwaka, ambayo leo tunayaandika bila kufikiri, yana asili inayojulikana. Anayetajwa kuwa mwasisi wake ni Edward Laurens Mark, mtaalamu wa wanyama wa Chuo Kikuu cha Harvard, katika makala yake ya 1881 kuhusu yai na ukuaji wa kiumbe wa konokono asiye na gamba. Saikolojia ilipata mwongozo wake mwaka 1929, na ulikuwa wa kurasa saba tu. Huo ndio mwanzo wa mtindo wa APA, yaani Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, ambao mwongozo wake sasa una zaidi ya kurasa 400. Wahariri wa majarida ya tiba walikutana Vancouver, Kanada, mwaka 1978, wakakubaliana juu ya mtindo wa namba. Tofauti hizi zinatokana na mahitaji ya kila fani. Mwanasayansi anataka kuuona mwaka karibu na jina, kwa kuwa matokeo ya utafiti huzeeka. Daktari anataka sentensi isikatwekatwe na majina, hivyo namba ndogo inamtosha. Mwanahistoria, ambaye chanzo chake huenda ni barua moja ndani ya boksi la nyaraka, anahitaji tanbihi ndefu chini ya ukurasa ili aeleze aliipata wapi.

Wazo lenyewe la kumtaja uliyepokea kwake ni la zamani zaidi ya Harvard. Waswahili waliosoma chuoni kwa mashekhe wanaijua isnadi: hadithi hutanguliwa na mlolongo wa waliopokezana, fulani kutoka kwa fulani, hadi kufika kwa Mtume. Wanazuoni waliupima mlolongo huo mtu kwa mtu. Waliuliza kama wawili hao waliwahi kuishi zama moja, kama mpokezi alikuwa na kumbukumbu nzuri, kama alijulikana kwa ukweli. Pengo moja lilitosha kuidhoofisha riwaya, hata maneno yake yangekuwa mazuri namna gani. Anayedhani kwamba marejeleo ni desturi ya kigeni iliyoletwa na vyuo vikuu aukumbuke utaratibu huo.

Ugumu wa kwanza wa ufundi huu kwetu uko kwenye majina. Fasihi ya Zanzibar imetupa Mohamed Suleiman Mohamed, mwandishi wa Kiu ya 1972, na Said Ahmed Mohamed, ambaye mwaka 1980 riwaya zake mbili, Dunia Mti Mkavu na Utengano, zilitoka pamoja. Mwandishi mzembe ataandika "Mohamed (1980)" na kumwacha msomaji akipapasa. Fundi atatanguliza herufi za mwanzo hata ndani ya matini, S.A. Mohamed na M.S. Mohamed, ili watu wawili wasigeuke mmoja. Kisha, kwa kufuata alfabeti ya majina ya vitabu, ataipa Dunia Mti Mkavu alama ya 1980a na Utengano 1980b. Juu zaidi kwenye orodha, Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla (1973) itakaa kabla ya Mzimu wa Watu wa Kale cha Mohamed Said Abdulla (1960), ingawa cha pili kilitangulia kwa miaka 13. Herufi a na u ndizo zilizoamua.

Halafu kuna Ngũgĩ wa Thiong'o. Sheria ya Kizungu ya kuchukua jina la mwisho ingemweka kwenye T, na hapo kitabu cha mwana kingekuwa kimeandikwa kwa jina la baba. Wakutubi humweka kwenye N, na uamuzi huo una faida nyingine: Weep Not, Child ya 1964, iliyotoka alipokuwa akijiita James Ngugi, inabaki jirani na vitabu vyake vya baadaye. Anayejua kuandaa marejeleo hujua pia watu wanavyopewa majina.

Mwaka nao una mitego yake. Kusadikika ya Shaaban Robert ilitoka 1951. Mwanafunzi mwenye nakala iliyochapwa upya miongo kadhaa baadaye akiandika mwaka wa nakala yake peke yake, anamfanya mtu aliyefariki 1962 aonekane akitoa kitabu akiwa kaburini, na mbaya zaidi, anaiondoa riwaya hiyo katika zama za ukoloni ambamo iliandikwa. Fundi huweka miaka yote miwili: wa toleo la kwanza na wa nakala aliyoisoma. Wa kwanza unalinda historia; wa pili unalinda namba za kurasa. Kwa Kufikirika ya mwandishi huyo huyo hali ni tofauti, maana toleo lake la kwanza ni la 1967, baada ya mwandishi kufariki, na mwenye makini atalieleza hilo ndani ya matini. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 ni ya TUKI, lakini toleo la 2013 ni la TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili), kwa sababu taasisi ilibadilika jina na umbo mwaka 2009. Kila toleo hupewa jina lililokuwa juu ya jalada lake siku lilipochapwa.

Je, kosa la tarakimu moja lina madhara gani? Mikhail Simkin na Vwani Roychowdhury walilifuatilia swali hilo katika utafiti wao wa 2003. Walichunguza makala maarufu ya fizikia ya Kosterlitz na Thouless ya 1973, iliyokuwa imenukuliwa mara 4,300 hivi. Nukuu 196 zilikuwa na makosa ya uchapaji, lakini makosa yaliyotofautiana yalikuwa 45 tu. Kosa moja la namba ya ukurasa lilijirudia mara 78. Watu 78 hawawezi kukosea tarakimu ile ile kwa bahati. Walikuwa wakinakiliana orodha, na kosa likawa ushahidi kwamba wengi hawakuifungua makala wanayoitaja.

Aina ya chanzo ina uzito kuliko tarakimu. Januari 1980 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha barua fupi ya aya moja ya Porter na Jick. Ilisema kwamba kati ya wagonjwa 11,882 waliopewa dawa za afyuni wakiwa hospitalini, ni wanne tu walioonekana kupata uraibu. Uchambuzi uliotoka 2017 ulionyesha kwamba barua hiyo ilikuwa imenukuliwa mara 608, na mara 439 ilitumiwa kama ushahidi kwamba uraibu ni nadra. Wengi hawakusema kwamba wagonjwa wale walikuwa wamelazwa hospitalini, wala hawakuonyesha kwamba chanzo chao ni barua, si utafiti kamili. Katika miaka iliyofuata barua hiyo, dawa za afyuni ziliandikwa kwa wingi Marekani, na janga likafuata. Mtindo wa Vancouver una nafasi ya kuandika neno "barua" kwenye mabano ya mraba baada ya kichwa. Neno hilo moja lingemzindua msomaji.

Kuna mahali ambapo miongozo yenyewe inapwaya. APA huyahesabu mazungumzo ya mtafiti na mtu kuwa mawasiliano binafsi, nayo hutajwa ndani ya matini tu, hayaingii kwenye orodha. Kwa hiyo mzee wa Pate aliyempa mtafiti utenzi mzima kutoka kichwani anakosa nafasi, wakati kijitabu kilichonakili beti kumi za utenzi huo kinapata ingizo kamili. Nchini Kanada, mkutubi Lorisia MacLeod, wa taifa la Wakree, alitengeneza vielelezo vya kuwanukuu wazee na watunza maarifa wa jamii za asili: jina la mzee, taifa lake, mahali anapoishi, mada aliyoizungumzia na tarehe. Watafiti wetu wa fasihi simulizi wana sababu zote za kufanya hivyo. Mtafiti akipata ridhaa ya mzee, amwandike kwa jina lake kamili, kijiji chake na siku waliyoketi pamoja, na amweke kwenye orodha pamoja na maprofesa.

Programu kama Zotero, iliyoanza 2006, zimepunguza sana kazi ya mikono. Hupanga alfabeti kwa sekunde na kubadilisha mtindo mzima kwa kubofya mara moja. Lakini programu hupokea inachopewa. Itamtupa Ngũgĩ kwenye T bila kusita, na itaweka "et al." katikati ya makala ya Kiswahili palipostahili "na wenzake". Na umbo zuri halithibitishi kwamba chanzo kipo. Mchapishaji mmoja mkubwa wa majarida aliweka katika maelekezo yake kwa waandishi makala ya kubuni ya Van der Geer na wenzake, ya mwaka 2000, iwe mfano tu wa namna ya kuandika rejeleo. Makala hiyo haikuwahi kuwepo, lakini mtafiti Anne-Wil Harzing alikuta imenukuliwa karibu mara 400. Sasa mitambo ya akili mnemba hutunga maingizo ya namna hiyo, kila mkato ukiwa mahali pake. Dawa ni ile ile ya wanazuoni wa isnadi: nenda kwa aliyesema.

Kwa hiyo, wewe unayeandika tasnifu, anza orodha yako siku unapofungua kitabu cha kwanza. Andika namba ya ukurasa kitabu kikiwa bado mbele yako. Usitaje kazi usiyoisoma. Ukiijua kupitia kwa mwingine, sema hivyo, "katika" fulani, maana hakuna aibu ndani yake. Chagua mtindo mmoja na uufuate hadi nukta ya mwisho. Na kabla ya kukabidhi kazi, rudi kwenye kila chanzo ulinganishe jina, mwaka na ukurasa, kimoja baada ya kingine. Itakuchukua siku nzima, na ni siku iliyotumika vizuri, kwa sababu kazi ambayo vyanzo vyake havifikiki bado haijakamilika.