Sensa ya Nne

Fungua habu ya mota ya baiskeli ya umeme, futa grisi, kisha tazama ukingo wa chuma kilichozungushiwa waya wa shaba. Utaona vijipande vitatu vyeusi, kila kimoja kidogo karibu kama punje ya mchele, vimezamishwa kwenye gundi. Ni sensa za Hall, zenye jina la Edwin Hall, Mmarekani aliyegundua mwaka 1879 kwamba umeme unaopita kwenye karatasi nyembamba ya dhahabu huvutwa upande ikiwekwa kwenye nguvu ya sumaku.

Sensa hizi hazikuwekwa kupima mwendo. Kazi yake ni kuiambia kontrola sumaku za mota ziko wapi, ili ijue koili ipi ipewe umeme na ipi inyimwe. Kila sumaku ikipita, sensa hugeuza jibu: volti 5 au sifuri. Katika mota zisizo na gia, aina moja iliyoenea ina sumaku 46, yaani jozi 23, na kila jozi huzaa mabadiliko sita. Mzunguko mmoja wa gurudumu unatoa mabadiliko 138! Kontrola ikipima yanavyofuatana, mwendo imeshaupata bila kuongeza hata waya.

Mota yenye gia ndiyo yenye mtihani. Ndani yake mota ndogo huzunguka mara kadhaa kwa kila mzunguko wa gurudumu, na kuna klachi ya njia moja inayoliachia gurudumu likimbie peke yake. Ukishuka mlima bila kutumia umeme, baiskeli inakwenda kasi, mota imetulia tuli, na sensa zote tatu zinasema kweli kabisa: hatuzunguki. Skrini ya mwendo ingeandika sifuri.

Waliounda habu hizi walipachika sumaku ndogo kwenye ganda linalozunguka na gurudumu, wakaielekezea sensa ya nne. Ninachokistahi zaidi ni njia ya waya wake. Tundu la ekseli tayari limejaa nyaya tatu nene za mota na tano nyembamba za sensa, na ekseli haiwezi kutobolewa zaidi bila kudhoofika. Hata hivyo waya wa tisa, mara nyingi mweupe, umepenyezwa humo humo.

Sumaku moja ina udhaifu wake. Gurudumu lenye mzingo wa mita 2.1, likienda kilomita 25 kwa saa, hutoa ishara kila baada ya sekunde 0.3. Kwa mwendo wa mtu anayetembea, kilomita 5, kuna sekunde 1.5 za kimya. Kontrola ingoje kiasi gani kabla ya kuamua kwamba baiskeli imesimama? Ikiharakisha, skrini itaruka hadi sifuri ukipanda mlima polepole. Ikikawia, itaonyesha mwendo ambao haupo.

Ndiyo maana baadhi ya habu zina sumaku sita, na hapo kontrola lazima iambiwe idadi yake. Iliyopangiwa sumaku moja itasoma kilomita 5 kama 30. Ikiwa imewekewa kikomo cha 25, kama sheria za Ulaya zinavyotaka, itakata umeme mpandaji akiwa ndiyo kwanza anaanza kupanda. Fundi makini huweka mita ya volti kwenye waya mweupe na ule mweusi wa hasi, akalizungusha gurudumu polepole kwa mkono mzunguko mmoja, huku akihesabu volti zimeshuka mara ngapi.