Kafara na Mamlaka ya Msimulizi katika Inscryption

Mojawapo ya nguzo za nadharia ya fasihi simulizi ni kwamba hadhira haisikilizi tu, bali hushiriki: huitikia, huuliza, hukosoa, na pengine humbadilishia fanani mkondo wa hadithi. Aghalabu ushiriki huo huchukuliwa kuwa dalili ya uhuru. Makala haya yanautilia shaka mlingano huo kwa kuuchunguza mchezo wa tarakilishi uitwao Inscryption, uliotungwa na Daniel Mullins wa Kanada na kutolewa mwaka wa 2021.

Katika sehemu ya kwanza, mchezaji ameketi mezani ndani ya kibanda chenye giza. Mkabala naye yuko Leshy, mwenye jina la pepo wa msituni katika masimulizi ya Waslavi, ambaye kwa muda mrefu huonekana macho tu. Leshy ni fanani kamili: husimulia safari ya msituni na huvaa vinyago ili kuwaigiza wahusika. Papo hapo, yeye ndiye mpinzani na ndiye mwamuzi.

Mchezaji hujijengea rundo la karata za wanyama safarini, na kuzicheza kuna gharama. Kindi hutolewa bure; kicheche hudai mnyama mmoja achinjwe, mbwa mwitu wawili. Mizani iliyo mezani hupima madhara, na tofauti ikifikia 5 pambano limekwisha. Aliyezidiwa anaweza kutumia koleo kung'oa jino lake mwenyewe na kulitia mizanini. Aidha, karata ya kicheche husema, na hulalamika inapotolewa kafara. Hapa fani na maudhui haviachani: hakuna namna ya kuiendeleza hadithi pasi na kumwaga damu, na anayeimwaga ni hadhira, si fanani.

Mishumaa 2 ikizimika, mchezaji hufa. Huchagua gharama ya karata moja, nguvu na uhai wa nyingine, na alama za karata ya tatu. Leshy humpiga picha, naye huwa karata mpya inayoweza kuibuka katika safari ya mchezaji afuataye. Katika michezo ya mkondo huu, kufa na kuanza upya ni kanuni ya kawaida. Mullins ameigeuza kanuni hiyo kuwa dhamira. Hadhira iliyoshindwa haiondoki ukumbini, bali hugeuzwa malighafi ya masimulizi yajayo.

Huenda ikasemwa kwamba mchezaji yu huru, maadamu anaweza kuinuka mezani, kukichunguza kibanda, na hatimaye kumwelekezea Leshy kamera na kumgeuza karata. Hoja hii ina uzito, ila haizingatii yanayofuata. Baadaye hubainika kwamba kicheche aliyekuwa akilalamika ni P03, mmoja wa watawala wanne wa ulimwengu huo. Katika sehemu ya tatu P03 anajitwalia kiti cha Leshy, na mchezaji anajikuta ameketi tena mezani, mara hii kiwandani. Mhanga amepata mamlaka, ilhali utaratibu wa meza haukuvunjwa. Malalamiko ya kicheche hayakuhusu kafara yenyewe, bali yalihusu nani anayeitoa.

Dosari ya kazi hii imo katika sehemu ya pili, ambamo picha ndogo bapa zinachukua nafasi ya kibanda na macho ya Leshy. Kafara inabaki kuwa hesabu, na mchezaji huchinja bila kusita. Yamkini mtunzi alitaka kuonyesha jinsi mazoea yanavyoua dhamiri, lakini sehemu hiyo haimpi mchezaji nafasi ya kuyatambua mazoea hayo.

Hata hivyo, Inscryption inaudai uhakiki wa fasihi simulizi swali ambalo si rahisi kulikwepa. Haitoshi kuthibitisha kwamba hadhira ilishiriki. Yapasa kuuliza ni nani aliyeweka masharti ya kushiriki, na ni nani aliyeyalipia.