Samansi Ikichelewa Longech, Faili Lirudi Mahakama Ipi?

Longech ni ulimi wa mchanga ndani ya Ziwa Turkana, na kati yake na Kalokol ipo ghuba ya Ferguson. Kutoka Lodwar mpaka Kalokol ni kama kilomita 60 kwa gari. Kuanzia hapo ni boti. Sheria ya madai ya Kenya haikuusahau umbali wa namna hii. Agizo la 5, kanuni ya 1(4) ya Kanuni za Mwenendo wa Madai za 2010, linataka muda wa mdaiwa kufika mahakamani upangwe kwa kuangalia anakoishi, na usipungue siku 10. Lakini fomu nyingi hutoka na siku zilezile kwa wote, awe anakaa mtaa wa pili kutoka mahakamani au ng'ambo ya maji. Madhara mengi huanzia hapo.

Tuchukue mfano. Mfanyabiashara wa Kakuma ametanguliza pesa za samaki wakavu, mzigo haukufika, naye akamshtaki mvuvi wa Longech katika mahakama ya hakimu Lodwar. Mvuvi yuko kambi ya mbali na nyavu zake. Akirudi anaambiwa hukumu imeshatolewa kwa kuwa hakujibu. Ndugu zake wanamshauri akimbilie Mahakama Kuu iliite faili na kulifanyia marejeo. Nia yao ni njema, ila kwa hatua ya kwanza wanamwelekeza mlango usiokuwa wake.

Aanze na hati ya kiapo ya aliyepeleka samansi. Kanuni ya 15 ya Agizo hilo la 5 inamtaka mpelekaji aape ni lini na kwa namna gani alikabidhi, na ni nani aliyemtambulisha mdaiwa na kushuhudia. Kiapo kinachosema tu “nilimkuta nyumbani kwake Longech, akakataa kutia sahihi”, bila jina la aliyemwonyesha nyumba, ni chepesi. Samansi ikiachwa kwa jamaa, kanuni ya 12 inataka awe mtu mzima wa familia anayeishi naye, na hiyo ni baada ya mdaiwa mwenyewe kutafutwa akakosekana. Shemeji aliyepita kununua samaki hatoshi. Tangu 2020 samansi inaweza pia kutumwa kwa barua pepe au kwa programu ya ujumbe wa simu, kwenye namba ya mwisho inayojulikana kuwa mdaiwa aliitumia. Hapo taarifa ya kwamba ujumbe umefika ndiyo hubeba ushahidi. Kwa mtu anayebadilisha laini au kukaa ziwani na simu iliyozimika, tarehe ya taarifa hiyo ni ya kuchunguzwa kwa makini.

Kama upelekaji ulikuwa na kasoro, ombi linakwenda kwa hakimu yuleyule, chini ya Agizo la 10, kanuni ya 11, ili hukumu itenguliwe. Mahakama ya Rufani ilipambanua jambo hili vizuri katika kesi ya James Kanyiita Nderitu dhidi ya Marios Philotas Ghikas, 2016. Hukumu iliyotoka bila mdaiwa kupata samansi ipasavyo hutenguliwa kama haki yake, hata kabla utetezi wake haujapimwa. Lakini ikiwa samansi ilimfikia sawasawa naye akanyamaza, hakimu ana hiari: atauliza sababu ya kuchelewa, urefu wake, kama upo utetezi wa kusikilizwa, na mdai ataumia kiasi gani. Kwa hiyo mvuvi asichanganye “sikupata” na “nilipata nikiwa nimechelewa”. Ni madai mawili tofauti, na akiyasema yote mawili katika kiapo kimoja atajibomoa mwenyewe.

Rufaa kwenda Mahakama Kuu ina siku 30 chini ya kifungu cha 79G cha Sheria ya Mwenendo wa Madai ya Kenya, nazo huhesabiwa tangu tarehe ya amri, si tangu siku habari ilipomfikia kijijini. Muda unaweza kuongezwa kwa sababu ya kutosha, ila mwenye kuomba ndiye mwenye kazi ya kushawishi.

Na marejeo? Kifungu cha 362 kinachozoeleka ni cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai. Sheria ya Mwenendo wa Madai ya Kenya haina kifungu cha jumla cha namna hiyo. Kilichopo ni Ibara ya 165(6) na (7) ya Katiba, inayoipa Mahakama Kuu usimamizi wa mahakama za chini na uwezo wa kuita mafaili yao. Uwezo huo ni mpana kwa maandishi, lakini anayeutumia kukwepa rufaa iliyompita muda, au ombi la kutengua ambalo hajalipeleka, hukaribisha pingamizi mara moja.

Watanzania wao wana kifungu cha marejeo ya madai, cha 79 cha Sheria yao ya Mwenendo wa Madai, na bado mipaka ni mikali: Mahakama Kuu huingilia pale tu ambapo hakuna rufaa na mahakama ya chini imevuka mamlaka, imekataa kuyatumia, au imeyatumia kinyume cha sheria au kwa kasoro nzito. Tangu mabadiliko ya 2002, uamuzi mdogo usiomaliza shauri hauguswi. Kwa ngazi ya juu, Mahakama yao ya Rufani ilisema katika Moses Mwakibete dhidi ya Mhariri wa Uhuru, 1995, na tena katika Halais Pro-Chemie dhidi ya Wella, 1996, kwamba marejeo si mbadala wa rufaa. Mwenye haki ya kukata rufaa lazima aonyeshe kuwa njia hiyo imezibwa na mahakama yenyewe, au kwamba ana sababu za kipekee. Msimamo huo naukubali. Kama kila faili lingepandishwa juu kwa marejeo, mdai maskini wa Kakuma naye asingepata pesa yake.

Kwa hiyo nguvu ya mvuvi iwekwe kwenye tarehe. Kumbukumbu za kamati ya ufuo zinaonyesha boti ilitoka lini. Risiti ya mafuta inaonyesha ilikuwa wapi. Jirani anaweza kuapa ni nani hasa aliyekuwa nyumbani siku inayotajwa. Kisha aombe, chini ya kanuni ya 16 ya Agizo la 5, mpelekaji samansi aitwe ahojiwe kwa kiapo: alivuka ghuba kwa boti ya nani, na nani alimwonyesha mlango.