Simu ya Mwaka Huu na ya Mwaka Jana: Namna ya Kupima Tofauti

Matoleo mapya ya simu janja yana msimu wake: Samsung hutoa Galaxy S mwanzoni mwa mwaka, Apple hutoa iPhone mwezi Septemba. Miezi kumi na miwili haitoshi kuunda kila kipande upya. Ndiyo maana toleo jipya huwa na vipande vichache vilivyobadilika kweli, vingi vilivyohamishwa kama vilivyo kutoka toleo lililotangulia, na vingine vilivyobadilishwa jina tu. Kupima ubora ni kuyatenganisha makundi hayo matatu. Tangazo halisaidii sana, kwani mara nyingi hulinganisha simu mpya na ile ya miaka mitatu au minne nyuma ili pengo lionekane pana.

Mfano mzuri ni iPhone 13 ya mwaka 2021 na iPhone 14 ya mwaka 2022. Zote mbili zina chipu ya A15 Bionic, kioo cha inchi 6.1 kinachobadilisha picha mara 60 kwa sekunde, na kamera kuu ya megapikseli 12. Anayesoma maandishi ya dukani ataona ni simu moja iliyouzwa mara mbili, na kwa sehemu kubwa atakuwa sahihi. Lakini kwenye kamera kuna jambo ambalo megapikseli hazilisemi. Kila pikseli ya kihisi cha iPhone 13 ina upana wa maikromita 1.7, ya iPhone 14 ina 1.9, na tundu la lenzi limepanuliwa kutoka f/1.6 hadi f/1.5. Pikseli pana hukusanya mwanga mwingi zaidi. Mchana kweupe tofauti hiyo haionekani kabisa. Huonekana jioni, au chini ya meza ya muuzaji: picha mbili za kona ileile yenye giza, zikikuzwa hadi nyuzi za kitambaa zionekane, zitaonyesha ipi imebaki na umbile na ipi imegeuka ukungu wa chengachenga. Kamera ya mbele nayo ilipata uwezo wa kujilenga yenyewe. Hilo hupimwa kwa kuisogeza simu karibu na uso kisha kuirudisha umbali wa mkono ulionyooshwa. Ya iPhone 13 ina umbali mmoja tu inaoupenda.

Mabadiliko makubwa zaidi ya iPhone 14 yalikuwa ndani, mahali ambapo mnunuzi hafiki. Kioo cha nyuma cha iPhone 13 kimegandishwa kwenye fremu kiasi kwamba kukibadilisha ni kazi ya kukibomoa kipande kwa kipande. Cha iPhone 14 hufunguka. Mafundi simu waliijua tofauti hiyo mapema kuliko wateja wao, na kwa mtu asiyetumia kava ni sababu nzito kuliko kiini cha tano cha michoro kilichoongezwa kwenye chipu.

Siku iPhone 14 ilipotangazwa kwa dola 799 nchini Marekani, iPhone 13 ilishushwa hadi dola 699. Dola 100 hizo zilinunua pia huduma ya kuomba msaada kupitia setilaiti, ambayo ilianzia Marekani na Kanada na haikuwa na kazi kwa mnunuzi wa Dodoma au Eldoret. Tena iPhone 14 zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hazina kabisa trei ya laini. Zinatumia laini ya kielektroniki peke yake. Simu kama hiyo ikiletwa Afrika Mashariki kama zawadi, mpokeaji hana pa kuchomeka laini yake, wakati iPhone 13 ya soko hilohilo ina trei. Ubora, kwa hiyo, hupimwa pamoja na mahali simu itakapotumika, na hapa toleo la zamani ndilo lenye manufaa.

Chipu huhitaji jicho la namna nyingine, kwa sababu jina lake halionyeshi ilikotengenezwa. Galaxy S22 ya mwaka 2022 iliuzwa na Exynos 2200 katika baadhi ya masoko na Snapdragon 8 Gen 1 kwingine, na chipu zote mbili zilitoka kwenye viwanda vya Samsung. Zilipata sifa ya kuchemka. Mwaka uliofuata Galaxy S23 ilipewa Snapdragon 8 Gen 2 katika masoko yote, na hiyo ilitengenezwa na TSMC ya Taiwani. Betri iliongezwa kidogo tu, kutoka mAh 3,700 hadi 3,900, lakini chaji ilikaa kwa muda mrefu kuliko nyongeza hiyo inavyoweza kueleza. Hapo mwaka mmoja ulikuwa na uzito. Jaribio lake ni kurekodi video ya 4K kwa dakika kumi mfululizo, simu moja katika kila mkono. Inayochoma kiganja ndiyo itakayopunguza kasi yenyewe katikati ya mchezo au safari ya ramani. Mwaka 2024 mambo yaligawanyika tena: S24 ya kawaida ilirudi kwenye Exynos katika nchi nyingi, huku S24 Ultra ikibaki na Snapdragon.

Hata ndani ya toleo moja kuna madaraja. Galaxy S23 ya GB 128 ina hifadhi ya UFS 3.1, na ya GB 256 ina UFS 4.0, ambayo husoma na kuandika kwa kasi zaidi. Mwili mmoja, jina moja.

Kamera za kuvuta mbali ndizo zinazowachanganya watu zaidi, maana hapo tarakimu inaweza kushuka na picha ikapanda. S23 Ultra ilikuwa na lenzi inayovuta mara 10 yenye megapikseli 10. S24 Ultra iliiondoa ikaweka lenzi inayovuta mara 5 yenye megapikseli 50, na wengi walilalamika kwamba wamepunjwa. Lakini S23 Ultra ikiombwa kuvuta mara 5 huchukua picha ya lenzi yake ya mara 3 na kuikuza, kwa kuwa haina lenzi ya katikati. Mara 5 ndio umbali wa kupiga picha maharusi jukwaani kutoka viti vya nyuma ukumbini, na hapo simu mpya ina ushindi wa wazi. Kwa ndege juu ya mnazi mchana, ile ya zamani haijashindwa.

Kioo hupimwa nje ya duka. Taa za dukani hufanya kila simu ing'ae. Jua la saa saba mchana halina upendeleo. S23 Ultra hufikia mwangaza wa niti 1,750 na S24 Ultra niti 2,600, lakini kilichobadilika zaidi ni kioo cha juu, ambacho huakisi mwanga kidogo sana. Zikishikwa sambamba chini ya anga, ile ya zamani huonyesha uso wa aliyeishika na ile mpya huonyesha maandishi. S23 Ultra pia ina kingo zilizopinda, na protekta kwenye kingo kama hizo huanza kubanduka mapema.

Programu hupimwa kwa kalenda. Samsung iliahidi S23 miaka mitano ya masasisho ya usalama kuanzia 2023, na S24 miaka saba kuanzia 2024. Umri wa simu hizo umepishana mwaka mmoja, lakini mwisho wa huduma umepishana mitatu: 2028 na 2031. Kwa anayekaa na simu mpaka ife, pengo hilo ni kubwa kuliko la kamera. Kwa upande mwingine, vipengele vya akili bandia vilivyoitangaza S24 Januari 2024 vilifika kwenye S23 kwa sasisho mwishoni mwa Machi mwaka huohuo. Kipengele kinachoweza kutumwa hewani si sababu ya kulipia mwili mpya.

Kwenye simu za bei ya chini, zile zinazojaza makabati ya Kariakoo na Luthuli Avenue, uangalifu unahitajika maradufu. Chipu za MediaTek za Helio G85 na G88 zina viini vya aina moja, viwili vya Cortex-A75 na sita vya Cortex-A55, na zote ni za nanomita 12. Nambari iliyopanda haikuleta kasi. RAM iliyoandikwa 8GB kwenye boksi yaweza kuwa 4GB halisi na 4GB zilizoazimwa kutoka kwenye hifadhi, ambazo ni za mwendo wa kobe zikilinganishwa na RAM ya kweli. Lenzi ya megapikseli 2 iliyoongezwa nyuma ni pambo. Katika daraja hili toleo la mwaka jana la hadhi ya juu kidogo karibu kila mara huishinda simu mpya ya bei sawa.

Kabla ya yote hayo, simu yenyewe iwe halali. Namba ya IMEI inayotokea kwa kubonyeza *#06# ilingane na ya kwenye boksi. Tanzania ilizima simu bandia Juni 2016 na Kenya ilikuwa imefanya hivyo mwaka 2012.

Kisha betri. Ya lithiamu huzeeka hata ikiwa imelala kabatini, hivyo simu ya mwaka jana iliyofungwa kwenye boksi haiko sawa na ilivyotoka kiwandani. Apple inasema betri ya iPhone 14 hubaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 500 ya kuchaji, na ya iPhone 15 baada ya mizunguko 1,000. Kuanzia iPhone 15, sehemu ya mipangilio huonyesha mwezi betri ilipotengenezwa, lini ilianza kutumika na imezunguka mara ngapi. Muuzaji wa simu iliyotumika akikataa kuufungua ukurasa huo, bei yake haina msingi wa kujadiliwa.