Kinanda Kipi Kiliteketea Dresden?

Historia ya kinanda cha mabomba kilichokuwa katika kanisa la Frauenkirche, mjini Dresden, Ujerumani, husimuliwa kwa tarehe mbili. Mwaka 1736 fundi Gottfried Silbermann alikikamilisha, na tarehe 1 Desemba mwaka huohuo Johann Sebastian Bach akakipiga. Februari 1945 ndege za kivita ziliuteketeza mji, na kanisa likaporomoka. Basi husemwa kwamba kinanda cha Bach kiliangamia siku hizo.

Nina shaka na kauli hiyo. Silbermann alikipa kinanda chake kibodi tatu za mikono na milio 43. Katika miaka 200 iliyofuata, mafundi walikigeuza mara kadhaa kulingana na ladha ya nyakati zao. Kilichoteketea ni kinanda kilichopita katika mikono mingi. Sisi tunaosoma fasihi simulizi hatushangai: ngano hubadilika kila inapopata fanani mpya, na hatuthubutu kusema kwamba fanani wa kwanza pekee ndiye mwenye ngano.

Kanisa lilipojengwa upya, mjadala mkali ulizuka. Wengine walitaka kinanda cha 1736 kinakiliwe. Hatimaye Daniel Kern wa Strasbourg, Ufaransa, alitengeneza kipya, na kanisa likawekwa wakfu tena tarehe 30 Oktoba 2005. Kwa mbele kinafanana na cha kale. Ndani kimeundwa kupiga pia muziki wa karne zilizofuata.

Je, Kern naye ni fanani mwingine tu? Hapa mfano wangu unapwaya, na sina budi kukiri. Fundi anayegeuza kinanda huanzia kwenye kazi ya mtangulizi wake. Moto wa 1945 haukumwachia mtu kazi ya kuendeleza, na watu wapatao 25,000 waliuawa mjini humo. Huko si kubadilika; ni kukatika.

Kwa sababu hiyo naunga mkono uamuzi wa kutonakili. Nakala kamili ingetupa 1736 bila 1945, kana kwamba hakuna aliyekufa. Hata hivyo, ile sura ya mbele inanitia wasiwasi, kwani mgeni akiitazama anaweza kudhani kwamba kilichopotea kimerudi. Tukiandika historia ya kinanda hiki, tusimtaje Bach peke yake. Tuwataje mafundi waliokigeuza, na tuuseme waziwazi mwaka ambao mlolongo wao ulikatika.