Mikono Inayojua Kuachia

Nyumbani, mgonjwa wa kiharusi hupendwa kwa kufanyiwa kila kitu. Hulishwa, huvishwa, hufungwa vifungo vya shati. Mtaalamu wa fiziotherapia humpenda kwa njia ngumu zaidi: humpunguzia msaada kidogo kidogo. Hapo ndipo ninapouona ustadi wake.

Mtazame akimsimamisha mzee aliyepooza upande wa kushoto. Humsogeza hadi ukingoni mwa kiti, humrudisha nyayo chini ya magoti, kisha hukaa upande ule dhaifu, goti lake likilikinga la mgonjwa lisikunjike ghafla. “Inama mbele, mzee. Zaidi. Sasa sukuma.” Mkono wa mzee hauvuti kamwe. Bega lililopooza halishikiliwi tena sawasawa na misuli yake, na ukilivuta unaweza kuuteremsha mfupa kwenye kiungo chake. Ndugu wengi huumiza hapo kwa nia njema kabisa. Kiganja cha mtaalamu kiko nyongani, kinasikiliza. Mzee akitia nguvu, kinalegea. Akipungukiwa, kinajazia kile kilichopungua, basi.

Chembe za ubongo zilizokufa kwa kukosa damu hazifufuki. Zilizosalia, hata hivyo, zinaweza kujifunza sehemu ya kazi ya zile zilizokufa, nazo hujifunza kwa kuitenda kazi yenyewe mara mamia: kushika kikombe, kukiachia, kukishika tena. Kuchuliwa kwa mafuta kunaliwaza, wala sikubezi, lakini anayechuliwa amelala tu. Ubongo wake haujaombwa kitu.

Edward Taub, mwanasaikolojia wa Marekani, alilifikisha wazo hili mbali: mkono mzima uvikwe glavu nene, ule dhaifu ukose mwenzake wa kuutegemea. Katika jaribio la wagonjwa 222 lililochapishwa mwaka 2006, waliofunzwa hivyo kwa wiki 2 waliutumia mkono dhaifu vizuri zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida, ingawa kiharusi kiliwapata miezi 3 hadi 9 kabla. Ni kweli kwamba wote walikuwa bado na uwezo kidogo wa kuinua kiganja na vidole; mkono usiojongea kabisa huhitaji njia nyingine.

Wataalamu wa fiziotherapia, wakiwamo wanaofunzwa hospitali ya KCMC kule Moshi, Tanzania, bado ni wachache. Mgonjwa humwona wake kwa muda mfupi. Saa nyingine zote ni zetu. Basi wewe unayemuuguza mzazi, usitoke kliniki na orodha ya mazoezi peke yake. Muulize mtaalamu: nyumbani tuache kumfanyia nini?