Uskoti Ilivyowapata Wazee Wake

Ukitangaza kwamba unatafuta wazee wa kuchunguzwa mwaka hadi mwaka, watakaoitika ni wenye nguvu. Aliyelala kitandani haji, wala hatakuja mwenye kulea wajukuu watatu peke yake. Kuupima uzee kwa hao waliofika ni kama kupima ucha Mungu wa mtaa kwa kuhesabu waliohudhuria sala ya alfajiri.

Huko Baltimore, Marekani, utafiti maarufu wa uzee ulioanza 1958 chini ya Nathan Shock ulikusanya watu hivyohivyo. Mshiriki alimleta rafiki, rafiki akamleta jirani. Wengi wakawa wanaume wa Kizungu, wasomi, wenye kipato kizuri. Wanawake walisubiri hadi 1978. Utafiti huo ungali hai na umefunza mengi, ila kwa miaka 20 haukuwa na la kusema juu ya uzee wa bibi wa mtu yeyote.

Uskoti walipitia njia nyingine, tena kwa bahati. Tarehe 1 Juni 1932, watoto 87,498 waliozaliwa 1921 walifanya mtihani mmoja wa akili, kila mmoja shuleni kwake. Tarehe 4 Juni 1947 ikawa zamu ya watoto 70,805 waliozaliwa 1936. Waliotunga zoezi hilo walikuwa watu wa elimu. Uzee haukuwamo katika hesabu zao. Madaftari ya alama yalikaa Edinburgh hadi watafiti Lawrence Whalley na Ian Deary walipoyafuata mwishoni mwa miaka ya 1990, wakitaka kuwachunguza watoto hao uzeeni.

Kumpata mtoto wa 1947 akiwa na miaka 70 ni kazi. Wasichana wameolewa na kubadili majina, wengine wamehama, wengine wamekufa. Kwa hiyo watafiti walianza na walio hai: walichukua orodha ya watu waliosajiliwa kwa madaktari wa eneo la Lothian, wakachuja waliozaliwa 1936, barua za mwaliko zikatumwa. Aliyejibu aliulizwa kama huenda alikuwa darasani Uskoti siku ile ya Juni, kisha alama zake zikatafutwa katika daftari. Kati ya 2004 na 2007 walipatikana watu 1,091.

Je, waliukwepa mtego wa wenye nguvu? Hawakuukwepa. Wakiwa na miaka 11, hao 1,091 walikuwa wamepata wastani wa alama 49 hivi kati ya 76, ilhali wastani wa Uskoti nzima ulikuwa kama 37. Waliokuja ni waliokuwa hodari tangu utotoni. Tofauti na Baltimore ni kwamba hapa kasoro ina kipimo: daftari linaonyesha sampuli imeegemea wapi, na kwa kiasi gani. Linaonyesha pia kwamba alama za washiriki zimebanana kuliko za taifa, na hivyo uhusiano wowote kati ya akili ya utotoni na hali ya uzeeni huonekana hafifu kuliko ulivyo. Mtafiti asiye na daftari angekisia tu.

Baada ya hapo kazi ni kuwashika. Walirudi 866 walipofika miaka 73, wakawa 697 kwenye 76, 550 kwenye 79, na 431 kwenye 82. Mauti, maradhi na uchovu vilichukua wengine. Kila duru mchujo unaanza upya, kwa hiyo alama ya miaka 11 haichakai. Ndiyo inayosema ni nani aliyeondoka.

Kwetu Tanzania, kituo cha utafiti wa afya cha Ifakara kilianza mwishoni mwa 1996 kupita nyumba kwa nyumba Kilombero na Ulanga, kikiandika waliozaliwa, waliokufa na waliohama. Watoto wa kurasa za mwanzo sasa wanakaribia miaka 30. Anayetaka kuujua uzee wao asisubiri wafike 70 ndipo atangaze redioni. Namba zao za usajili zitunzwe kuanzia sasa, na kila anayehama aandikwe alikokwenda.